Upande wa Kushoto

…na funguo haziwi kimya hivyo, funguo zinalia, zina meno, ukimkumbatia mtu mwenye funguo mfukoni zinakukuna mbavuni, lakini kile kilichomgusa Khalfan pale mlangoni kilikuwa kitu kimoja, kimenyooka, kizito kuliko ukubwa wake, na Jamaludin alipoona baba mkwe wake mtarajiwa amesita akasema, "Ni keys tu, anko," akatabasamu, akapita ndani na kofia yake mpya, na sasa wameketi goti kwa goti juu ya zulia la msikiti, hapa Rexdale, Jumamosi baada ya alasiri, mkono wa kulia wa Khalfan umeshika mkono wa kulia wa kijana, shehe amemaliza hotuba, amekwenda mpaka kwenye pazia la wanawake kumuuliza bibi harusi na amerudi na jibu lake, na anasema, "Haya, mzee Khalfan, nifuatishe: nimekuozesha binti yangu Sidra…" na Khalfan amefungua kinywa na kinywa hakikutoa kitu, akakohoa, akakifunga, watu wakacheka kidogo, nyuma yake mtu akasema mwacheni, mzee ana uchungu wa kutoa, na simu zote zilizokuwa zinashuka zikainuliwa tena ili uchungu huo usiwapite… huenda ni lile dude la kuchajia simu, vijana wote wa hapa wanatembea nalo, lakini dude la kuchajia ni pana kama sabuni ya kipande, na hiki upana wake ni vidole viwili, na chini kina mdomo uliotokeza kidogo, Khalfan hakukiona lakini mbavu zake zilikiona, mbavu zake zina kumbukumbu kuliko kichwa chake, kile ni magazini, kibweta cha chuma kinamokaa risasi, na si ile iliyomo ndani ya bastola, ni ya pili, ya akiba.

Akiba haiozi, ndivyo mkufunzi wao alivyokuwa akisema Dar es Salaam, akijipiga kofi kiunoni, bastola kulia, akiba kushoto, maana siku ya siku mkono wa kulia utakuwa na kazi yake na wa kushoto ndio utakaotumwa dukani, wakacheka wote, walikuwa vijana, walikuwa walinzi wa tajiri mmoja wa korosho ambaye hakutaka ionekane kwamba analindwa, kwa hiyo kila kitu kilifichwa chini ya koti katika joto lile, na kila mtu alikuwa na namna yake ya kuificha hiyo ya pili, mmoja aliiweka ndani ya soksi mpaka siku aliyotakiwa kukimbia ikamteremkia kiatuni akaishia kuchechemea, mwingine aliiweka mfuko wa shati, alipoinama kumwamkia mama wa tajiri ikatumbukia kwenye bakuli la mchuzi, na Nicolaus, Mungu amweke pema, aliificha ndani ya mkoba wa mkewe, mkewe akaenda nao kanisani na alipotafuta sadaka akakitoa kile kitu mbele ya mzee wa kanisa, kwa wiki nzima Nicolaus alilala sebuleni… hao walikuwa wanajifunza, aliyejifunza akafika mwisho anaiweka mfuko wa kushoto wa koti na kwa fundi anapeleka koti lishonewe kitambaa kigumu kwa ndani, kwa sababu chuma kinakula mfuko taratibu, kinaanzia pembeni chini, na akisha kuzoea haihisi tena, hapo ndipo penye neno, haihisi tena.

"Mzee Khalfan," shehe akasema, kwa upole, kama mtu anayemwamsha abiria, na ndege ikapita chini chini juu ya paa ikielekea uwanjani, ikawaziba wote masikio, na Khalfan akaishukuru ndege kwa dakika iliyompa… maana alimwona, alikuwa amesimama mlangoni anapokea wageni, alimwona Jamaludin anashuka garini na kanzu yake na koti la kijivu, anapiga hatua, anasimama, anarudi garini, anainama kwenye kiti muda kidogo, anafunga mlango, anajinyoosha koti upande wa kulia, na Khalfan akajisemea, amesahau pete huyo, akafurahi hata, bwana harusi asiyesahau kitu hana mapenzi, kumbe alikuwa anaiacha bastola, ameiheshimu nyumba ya Mungu, ameiacha chini ya kiti, na ile ya pili hakuikumbuka, na Khalfan anajua kwa nini hakuikumbuka, bastola huwezi kuisahau kamwe kwa sababu unaiogopa, unalala nayo kwa jicho moja, lakini akiba huiogopi, haina mlio, haina kifyatuo, inakaa pale mpaka inakuwa ubavu mmojawapo, na ubavu huuachi garini. Mtu aliyeinunua mwezi uliopita kwa hofu ya usiku mmoja angeviacha vyote viwili. Huyu amezoea.

Na ana sababu, si kwamba hana, ana magari yake manne ya kuvuta magari yaliyopata ajali barabarani, na kazi hiyo hapa Toronto watu wanaigombania kama kunguru kwenye utumbo, wa kwanza kufika ndiye mwenye mali, baridi iliyopita gari lake moja lilichomwa moto uani kwake Downsview, polisi wakaja wakapiga picha wakaondoka, na nchi hii mtu wa kawaida haruhusiwi kubeba bastola kiunoni hata angechomewa yote manne, kwa hiyo anayebeba anabeba na jela yake humo humo mfukoni, na Khalfan anampenda kijana huyu, hilo halina kificho, anafunga, anampeleka mama yake hospitali mwenyewe, na siku gari la Khalfan lilipozimika barabara kuu katikati ya theluji alikuja na soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni, nani siku hizi anafikiria soksi za mzee… si jambazi, ni mwoga tu mwenye akili, na yeye Khalfan alikuwa nani, si alimlisha Sidra kwa mshahara wa chuma hicho hicho, basi aseme maneno, watu wale pilau, kesho amwite pembeni waongee kiume, ndiyo, kesho, lakini haya maneno ni ya aina gani, haya ni maneno matano, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tena Sidra alimwomba, juzi, jikoni, alimwomba kwa Kiswahili, yeye anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, "Baba, please, huyu usimkague," kwa sababu mchumba wa kwanza alimkagua, alimtazama kutoka viatu mpaka mikono, na yule kijana hakurudi, na Khalfan akaapa, hatamkagua, na hakumkagua, alimkumbatia tu, ni kosa la nani kama ukimkumbatia mtu unamjua… Sidra mwenyewe hakuwa akimkumbatia hivyo, alipokuwa mdogo Dar alikuwa akimkimbilia akitoka kazini na kumshika magoti, kwa sababu mara mbili alikuja kwa nguvu akajigonga paji la uso kwenye kitu kigumu chini ya koti la baba, mtoto hana mwalimu kama maumivu, akajua mwenyewe kwamba baba anashikwa kuanzia magotini kwenda chini, na walipokuja Kanada, Khalfan akapata kazi ya kuendesha foklifti ghalani, hana kitu kiunoni ila mkanda, mtoto bado akawa anamshika magoti, mwaka, miaka, akiwa ameshaota meno ya mbele, na Mwantumu mkewe alikuwa akitazama na kunyamaza, yeye alisema mara moja tu, hapa hapa, baridi ya kwanza, wamelala, akamwekea mkono ubavuni upande wa kushoto akasema, kumbe hapa kuna nyama. Inauma. Miaka yote hii, na leo ndiyo inauma, mbele za watu.

"Anatoa lulu, lazima aumie," yule wa nyuma akasema tena, wakacheka tena, na kicheko kile Khalfan alikijua, aliwahi kukisikia, si hapa, Tanga, sebuleni kwa mzee Mbwana, baba yake Mwantumu, fundi cherehani wa Ngamiani, yeye Khalfan ndiye bwana harusi, mkono wake umo ndani ya mkono wa mzee, na mzee amenyamaza, amenyamaza mpaka watu wakacheka wakasema mzee ana uchungu wa kutoa, na Khalfan akaibeba hadithi hiyo maisha yake yote, ameisimulia kwenye kila harusi, mkwe wangu alimpenda binti yake mpaka maneno yakamkwama… na wiki moja kabla alimpelekea mzee koti lake afupishe mikono, mzee akatia mkono mfuko wa kushoto, akakuta turubai limeshonewa ndani, na pembeni chini limeshatoboka, akauliza, "Huku unaweka nini, mwanangu?" na Khalfan akajibu, "Funguo, baba," mzee akalitazama lile tundu, akachukua uzi akaukunja mara mbili, akashona, fundi aliyeshona mifuko tangu mkoloni hakosi kulijua tundu la funguo, tundu la funguo liko juu, limechanika ovyo, lile lilikuwa dogo, safi, la pembe ya chuma. Alijua. Siku ya ndoa koti lilikuwa linalala kushoto na mzee alijua, na ule ukimya haukuwa uchungu wa kutoa, alikuwa anafikiri, alikuwa anajiambia ni kijana mwema, anafunga, ana kazi, kesho nitamwita pembeni, na macho yake, Khalfan anayaona sasa, macho yake hayakuwa usoni kwa mkwewe, yalikuwa chini kidogo, kushoto. Kisha akasema maneno. Na kesho haikuja, nani humwita mkwe pembeni, na mara moja alipokuja Dar kuwatembelea, Sidra alikimbia akamshika baba yake magoti, mzee akavua miwani akaifuta, akaifuta sana, Khalfan akamwambia huku mjini kuna vumbi, baba.

"Mzee wangu," shehe akasema, na safari hii sauti ilikuwa na swali ndani yake, "tuendelee? Nimekuozesha binti yangu…" na nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Sidra, ndogo, "Baba?" na Jamaludin ambaye alikuwa anatabasamu akaacha kutabasamu, kwa sababu aliyaona macho ya Khalfan yalipo, yalikuwa chini kidogo, kushoto, na mkono wa kushoto wa kijana ukajongea wenyewe ukafunika mfuko wa koti, ule mkono unaotumwa dukani, na Khalfan akaona kwamba hana hasira naye, hata kidogo, anamwonea huruma, anajionea huruma, anamwonea huruma na fundi wa Ngamiani aliyekuwa na maneno yote kinywani na akayatoa yale yasiyo yenyewe, shehe amengoja, simu zimengoja, pilau imengoja ndani ya trei zake za foili, na Khalfan hakuuachia ule mkono wa kulia, aliukaza, asije kijana akadhani anafukuzwa, kisha akauweka mkono wake mwingine juu ya goti, kiganja juu, wazi, karibu kabisa na koti la kijivu.

"Zile funguo," akasema kwa sauti ya chini, na kile kiganja akakiacha pale pale.