Wifi na Mawaridi ya Redioni

Kwa miaka kumi na tisa alitunza bustani ya hospitali ya wazazi, na wauguzi walimwita Mama Waridi. Karibu kila Jumapili wifi yake, mke wa mdogo wake, alimpigia simu.

"Wifi, waridi langu majani yamegeuka manjano. Lina nini?"

"Unalimwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, sikosi!"

"Unalizamisha. Tia kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, weka ndoo chini ukafanye mengine."

Wifi alicheka, akauliza tena: apogoe lini, vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza majani, vinaondokaje bila dawa kali, kwa nini matumba yanaanguka kabla hayajafunguka. Mama Waridi alijibu yote, tena kwa raha. Alidhani mwenzake amependa maua.

Jumatano moja alipeleka aproni yake chumba cha kufulia. Dobi alikuwa akikamua shuka huku redio ikiongea dirishani. Ilikuwa sauti ya wifi.

"Mko nami, mtaalamu wenu wa maua. Marehemu baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo: tia kidole kwenye udongo..."

"Huyu mama anajua!" dobi akasema. "Miezi minane sasa, kila Jumatano simkosi."

Mama Waridi aliisogelea redio. Kuchukua majibu yake, haya, angemeza. Lakini baba! Neno lile la kidole lilikuwa la baba yake yeye Mama Waridi, si la baba wa wifi. Mzee yule alitunza bustani ya shule miaka thelathini, watoto wakimwita "wewe wa majani", na siku anastaafu hakuna mwalimu aliyejua jina lake. Wifi aliolewa miaka mitatu baada ya mazishi. Hakuwahi hata kumtia machoni.

Namba ya studio ilipotajwa, aliipiga palepale.

"Mpigaji, uko hewani."

"Nina bugenvilia. Mwaka wa pili inatoa majani tu, maua hakuna. Nifanyeje?"

Swali hilo wifi hakuwahi kumuuliza mtu. "Iongezee samadi," akasema, "na maji ya kutosha."

"Basi nitapata majani mpaka nichoke! Bugenvilia inataka jua kali na kiu kidogo. Ukiishibisha inanenepa bure. Hayo baba alinifundisha mimi, wifi, nimemshikia mkasi. Wewe alikufundishia wapi?"

Kisha muziki ukawekwa haraka haraka. Dobi alisimama na shuka mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni.

Kabla ya saa sita mdogo wake Mama Waridi akapiga simu, akifoka. "Dada, umemdhalilisha mke wangu mbele ya watu wote! Si ungeniambia mimi kwanza?"

"Kwani wewe ulikuwa hujui?"

"Nilijua anakuuliza uliza."

"Na habari za baba?"

"Nilimsikia mara moja. Nikaona ni maneno ya redio tu."

"Baba yetu ni maneno ya redio?" Akakata simu.

Jumamosi wifi alikuja mwenyewe bustanini, visigino vya viatu vikizama kwenye tope.

"Nisamehe, wifi. Sikudhani utajali. Wewe si uko zako hapa tu na maua yako?"

Mama Waridi alikuwa karibu kulainika. Neno lile "hapa tu" likamwasha upya. Akafunga bomba.

"Jumatano useme mzee yule alikuwa nani, kazi yake ilikuwa nini, na kwamba hukumjua. Ukishasema, ndiyo tutaongea."

"Wataniondoa kwenye kipindi!"

"Wakuondoe."

Jumatano chumba cha kufulia kilijaa wauguzi. Wifi alisema, kasi kama anayemeza dawa chungu: mzee alikuwa baba mkwe wake, hakuwahi kumwona, alikuwa mtunza bustani wa shule. Akalitaja jina lake kamili. Mama Waridi alijifuta macho kwa pindo la aproni.

"Na mafunzo yake," wifi akamalizia, "niliyapata kwa jamaa mmoja wa karibu."

"Jamaa mmoja!" dobi akapayuka. "Miezi yote hiyo, jamaa mmoja?"

"Umesikia mwenyewe," Mama Waridi akasema, akiinuka kwa hasira. "Baba kapata haki yake. Sasa nakwenda kuitafuta yangu. Nitajie tena ile namba ya studio."