Ulimi wa Kuazima

Bi Mkunga alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa puani. Tangu mafua makali yaliyomlaza kitandani mwanzoni mwa mvua, hakusikia tena harufu wala ladha ya kitu chochote. Chai ilikuwa maji ya moto. Embe lilikuwa kitu laini chenye kuteleza. Sabuni na mdalasini, kwake yote mamoja.

Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa, kisha akastaafu na kujipatia sifa ya pili kwa mapishi, angeanzaje kutangaza kwamba siku hizi jikoni anapapasa kama aliyezimikiwa na taa? Akawa anapika kwa mazoea tu: chumvi kwa kiganja, bizari kwa jicho. Na kwa kuwa mlaji wake wa kila siku alikuwa mumewe, karani mstaafu wa stesheni, siri ilikaa salama. Mzee yule alikuwa wa kusema "tamu" hata kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Sasa Jumamosi moja asubuhi, simu ikalia. Alikuwa mwanawe, mpiga picha za harusi.

"Mama, yule mgeni niliyekwambia, namleta leo."

"Leo ipi?"

"Leo hii, mchana. Wiki ijayo kazini kwao wamempanga safari."

"Mwanangu, mkwe haletwi kama gazeti!"

"Usihangaike mama. Chochote tu kitatosha."

"Chochote! Nimpe chochote, kesho akasimulie kwao kwamba kwa mkwewe alikula chochote?"

Alikata simu, akafunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. Muda haukuwepo wa kukuna nazi wala kuhangaika na kuku mzima. Alitoa minofu ya kidari, akaikata vipande vidogo vya kuiva upesi, akakaanga vitunguu hadi vikaanza kubadilika rangi. Hapo zamani pua ndiyo ingemwambia sasa tia tangawizi, sasa tia bizari. Leo alikodoa macho tu. Nyanya ziliporojeka akatia kuku, akakoroga, akatia chumvi.

Mumewe akachungulia mlangoni, tai mbili mkononi.

"Nivae ya mistari au hii nyeusi?"

"Kwani unakwenda kuhutubia? Usivae tai kabisa."

"Mtoto wa watu anakuja, nisivae tai?"

Wakabishana kidogo. Mzee alishinda, akaondoka na ile ya mistari. Bi Mkunga akarudi sufuriani, akajiuliza nimefika wapi, akajijibu nimefika kwenye chumvi. Akatia tena, kiganja kizima. Kisha akamimina tui la pakiti, akapunguza moto na kukoroga taratibu lisije likakatika. Mchuzi ukashika rangi ya manjano, ukang'aa juu, na ungeutazama tu ungemeza mate.

Mlango ukagongwa. Alikuwa binti mfupi, amevaa gauni la maua, begani kabeba mfuko wa spana.

"Shikamoo mama. Samahani, nimetangulia peke yangu. Bibi harusi kachelewa saluni, na mpiga picha hawezi kuondoka."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Na hizo spana? Unakuja kutufungua?"

Binti akacheka. Alikuwa fundi wa friji, alisema, na asubuhi hiyo alipitia kwa mteja. Hata kabla hajakalishwa sebuleni alishaomba kwenda kusaidia jikoni, na Bi Mkunga moyoni akampa alama za kwanza. Hapo ndipo wazo likamjia: huyu hapa ana ulimi mzima, tena mgeni, hatashuku kitu.

"Hebu nionjee chumvi," akasema, kana kwamba ni heshima anayomtunuku.

Binti akadondoshea kiganjani, akalamba. Akameza kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Imekolea, mama," akasema. "Imekolea vizuri tu."

Lakini Bi Mkunga alikuwa ametumia miaka mingi kutazama nyuso za wanawake wanaosema hawaumwi huku vidole vyao vimeng'ang'ania kitanda. Aliona kope zinavyopepesa. Aliona jicho la binti likikimbilia jagi la maji, likarudi kwa adabu.

"Mwanangu, mdomo wako unasema hivi, uso wako unasema vile. Mimi nimsikilize nani?"

"Mama, kwa kweli..."

"Sema."

"Naogopa. Siku ya kwanza, mama! Nikisema, itakuwa nimekuja kukosoa. Nisiposema, tutakufa wote kwa kiu."

Bi Mkunga alijaribu kukaza uso akashindwa. Kicheko kilimtoka hadi akashika ukingo wa meza, na binti alipoona hivyo, naye akaachia. Walipotulia, mama mkwe akajipangusa machozi na kujikuta anasema lile ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Sisikii ladha. Wala harufu. Ningekupikia matope nisingejua."

Binti hakushangaa wala kusikitika kwa sauti. Aliuliza tu, "Viazi vipo?"

Vilikuwepo. Wakamenya haraka, wakavitosa vipande. Wakafungua pakiti nyingine ya tui, wakaongeza nyanya, na wali wakaupika bila chumvi hata chembe. Binti alionja, akatoa taarifa: "Bado inauma... Sasa inaelekea... Kamua ndimu kidogo, mama... Hapo hapo! Usiguse tena!" Kila neno Bi Mkunga alilifuata kama nahodha anayeongozwa kutoka gatini.

Mpiga picha aliingia anahema, akakuta wawili hao wanataniana kama wamekuzwa nyumba moja, akabaki ameduwaa. Wakakaa mezani. Mwanawe alipomaliza sahani ya kwanza akasema, "Mama, leo umejishinda."

Bi Mkunga angeweza kuinyamazia sifa ile. Lakini alishachoka. Akaweka kijiko chini, akawaeleza yote, tangu mafua hadi kiganja cha pili cha chumvi.

Mumewe akaendelea kutafuna. "Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Tangu ulipotia sukari kwenye maharage ukidhani chumvi."

"Na ukasema tamu!"

"Si yalikuwa matamu kweli?"

Mwanawe alipaliwa na wali, binti akampiga mgongoni. Bi Mkunga alitaka kukasirika, lakini alimtazama mzee yule na tai yake ya mistari iliyoingia mchuzi, akawaza vyungu vyote alivyovila bila kulalamika.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Bi Mkunga alimwongezea paja la... hapana, mapaja hayakuwepo siku hiyo. Alimwongezea vipande vitatu vya minofu, vile vinono.

Binti aliporudi safari ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari akasema pua huenda ikarudi polepole, awe ananusa vitu vyenye harufu kali asubuhi na jioni. Akanusa karafuu, ndimu, kahawa, akanusa hadi majirani wakadhani ana wazimu. Pua ikabaki kimya.

Mpaka siku moja, anakunja nguo chumbani, kitu kikampiga puani. Alisimama wima. Akainama, akanusa tena chini ya kitanda, akapiga ukelele uliomleta mumewe mbio akidhani nyumba inaungua. Alimpita mlangoni, akatafuta simu, akampigia mkwewe.

"Mama, kuna nini? Unalia?"

"Nalia ndiyo! Soksi za mzee, mwanangu! Zinanuka! Zinanuka vibaya, hujapata kuona!"