Siku Wakoli Alipombeba Mama Mkwe

Nekesa wa Matulo alikuwa na pumu tangu utotoni, na ukaidi labda hata kabla ya hapo. Agosti ya mwaka 2006 alikwenda Kitale kumwona mjukuu, kifua kikiwa kimembana. Huko alimeza vidonge vya pumu alivyopewa Bungoma na, juu yake, vingine alivyonunua Kitale. Vya kwanza vyeupe, vya pili vya waridi. Angejuaje ni dawa ile ile? Ndizi nazo aliziacha kitambo, ati zinaleta baridi kifuani. Siku nzima alishindia strungi, chai isiyo na maziwa.

Sebuleni kwa mkwewe Wakoli hakukanyaga. Kwa Wabukusu mama mkwe hagusani na mume wa bintiye hata kwa salamu. Alikaa jikoni, nyuma ya nyumba, pamoja na binti yake Phanice, na Wakoli akipita aligeukia ukuta. Heshima ni heshima, bana.

Jumapili asubuhi alitaka kuinuka kigodani, miguu ikagoma. Ililegea kama uji, na moyo ukawa unaruka ovyo. Phanice alimvuta, wapi! Kale kamwili kake na mwili wa mamake, hata wewe ungecheka. Majirani wote walikuwa kanisani. Wakoli alisimama nje akiuliza kupitia mabati afanye nini. Nekesa aliogopa kufa, aliogopa na aibu, na kwa muda aibu ndiyo iliyokuwa ikishinda. Kisha moyo ukaruka tena, vibaya zaidi.

"Wakoli," aliita, "ingia unibebe. Funga macho ukitaka, lakini usinigonge mlangoni."

Alimbeba hadi kwenye pikapu yake, jasho likimtiririka, macho wazi kabisa.

Hospitalini walipima damu wakasema potasiamu imeshuka mno. Ni madini yanayoipa misuli na moyo nguvu, walimweleza, na dawa ya pumu ikizidi huyapunguza. Wakamtundikia dripu, wakamwachia vidonge vya aina moja tu, na ndizi wakamwamuru ale. Haikupita wiki, alikuwa anazunguka wodini akiwagombeza wauguzi kuhusu vumbi, roho imetulia.

Wakoli alileta blanketi la kuomba radhi kwa kumgusa. Nekesa alilipokea kwa furaha, maana lilikuwa zito.

Aliporudi Matulo, wanawake wenzake walimjia wakinong'ona: ni kweli mkwe alimshika?

"Alinishika, ndio," Nekesa akasema. "Asingenishika, swali hilo mngemuuliza Phanice matangani."