Friji Lililotaka Kukaa Nyuma

Mjomba alikuwa na jina la utani, Hakikisha, kwa sababu hakuwahi kuwasha gari kabla hajalizunguka. Asubuhi tuliyomhamisha mama mkubwa alilizunguka zaidi, maana safari hii kulikuwa na tela. Alifungua boneti akatazama kikopo cha mafuta ya breki. Akalala chini akachungulia pedi za breki za magurudumu ya mbele, ambazo alikuwa amezibadilisha majuzi tu ingawa fundi alimwambia zile za zamani bado zina maisha. Akaitikisa ndoano ya tela, akaikaza minyororo ya usalama, kisha akanituma nyuma nitazame taa za breki za tela.

"Zinawaka, Mjomba."

"Zote?"

"Zote."

"Usiseme kwa kunihurumia."

Ungemwona siku ile ungedhani hakuna hatari barabarani inayoweza kumpita. Ilikuwepo moja, nayo ilikuwa dada yake.

Mama mkubwa alikuwa amestaafu usimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na nyumba ya wafanyakazi ilikuwa inasubiriwa na mtu mwingine. Mtaa mzima ulitoka nje kumuaga, yaani kutazama vyombo vyake. Jirani wa mlango wa pili, ambaye wote tulimwita Mama Redio kwa kazi aliyoifanya bila mshahara, aliwahi kutangaza kwamba mwenzake ataondoka kama alivyokuja, na ndoo na mkeka. Taarifa ilimfikia mama mkubwa kabla chai yake haijapoa. Ndiyo maana kiinua mgongo chake kiligeuka friji.

Friji lilikuwa jeupe, refu, na karatasi ya dukani bado imebandikwa mlangoni. Mama mkubwa alitaka likae mwisho kabisa wa tela, mlango ukitazama nyuma, na cherehani yake ya chuma kando.

"Dada, vizito vinakaa mbele," Mjomba alisema. "Ukivirundika nyuma, tela linainua matako ya gari, halafu linaanza kucheza."

"Likicheza si ndiyo furaha ya kuhama?"

"Dada."

"Wewe nilikubeba mgongoni. Niliwahi kukuangusha?"

"Hapana."

"Basi na mimi nakwambia friji linakaa nyuma. Mbele litaonwa na nani, wewe? Wewe umeshaliona."

Mjomba aliitazama minyororo yake, akamtazama dada yake, kisha akaenda kuchukua kamba. Alilifunga friji nyuma, na alilifunga vizuri sana, kama mtu anayeandika kosa kwa mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza chuo na niliamini kwamba kweli ikisemwa kwa upole husikika. Nilifungua kinywa. Lakini na mimi mama mkubwa alinibeba mgongoni, na sikuwahi kuanguka.

Kisha mama mkubwa akafanya jambo ambalo mtaa haukulitarajia. Alimgeukia Mama Redio. "Panda, twende ukaone ninakohamia. Usije ukatangaza usichokiona."

Mama Redio hakuhitaji kubembelezwa. Mkoba ulikuwa tayari kwapani.

Tulipita mjini polepole. Mama mkubwa, aliyekaa mbele na mdogo wake, alikuwa akigeuka kila wakati kuona nani anatazama. "Yule muuza viatu ameliona," alisema. Mama Redio, aliyekuwa nyuma pamoja nami, alijibu, "Ameliona. Hata kipofu ameliona." Kwa namna alivyokuwa akiivuta shingo yake dirishani, nilijua taarifa ya jioni imeshaandaliwa, na kwamba haitakuwa ya ndoo na mkeka. Mama mkubwa naye alijua. Sijawahi kumwona amekaa wima namna ile.

Kisha tukaanza kuteremka.

Mwanzoni ilikuwa kama mtu anatusukuma bega kwa utani. Halafu tela likatikisa mkia kulia, likaja kushoto, likarudi kulia kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo nililiona friji likiinama huku na huku, kama mheshimiwa anayewapungia watu wa pande zote mbili za barabara.

"Kanyaga breki," alisema Mama Redio.

"Nikikanyaga kwa nguvu sasa litatugeuza."

Mjomba aliinua mguu kwenye mafuta. Aliushika usukani imara kama mtu aliyebeba sinia lenye vikombe vilivyojaa, asiufuatishe mkia wa tela upande wowote. Kutofanya kitu kule kulikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuona mtu akizifanya. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Mama mkubwa alikuwa ameupitisha mkono nyuma ya kiti akaukamata wa Mama Redio. Polepole mwendo ulipungua, na mkia ukalegea. Hapo ndipo Mjomba alipoigusa breki, akaiachia, akaigusa tena, akashusha gia, mpaka tukafika tambarare akaegesha kando ya ukuta wa ghala.

Harufu ya kuungua ilituzunguka.

"Magurudumu yanatoa moshi," alisema Mama Redio. "Tuyamwagie maji."

"Hapana, mama. Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinapinda. Hizi breki zimelizuia gari zikalizuia na tela, na tela lenyewe halina breki. Ziache zipoe zenyewe." Kisha akasema, bila kumtazama dada yake, "Tunapanga upya."

"Hapa? Watu wanapita."

"Hapa, dada. Nilikuwa nakuogopa wewe kuliko mteremko. Sasa nauogopa mteremko zaidi, na mwingine uko mbele."

Mama mkubwa alifikiri. Aliitazama barabara, akalitazama friji lake. "Basi lisikwaruzwe," alisema.

Tulianza kushusha vya nyuma, maana Mjomba alisema tukitoa vya mbele kwanza tela litakaa chini kwa makalio. Friji likasimama kando ya barabara kama abiria. Nyuma yake vikaja vingine vyote ambavyo mama mkubwa alikuwa amevificha chini na mbele: beseni lililozibwa kwa lami, kiti kilichobaki na miguu mitatu, godoro lenye ramani ya maisha ya watu kadhaa. Mama Redio aliviona kimoja kimoja. Alikuwa anavipokea kwa mikono yake mwenyewe na kuvipanga kwenye majani.

Friji likapanda tena, mbele safari hii, likasimama wima, likavishwa godoro pande zote ili kamba zisilikwaruze. Cherehani ikaenda katikati, chini ya mabunda ya nguo. Nyuma vikabaki vyepesi. Kwa macho ya mtu aliyetufuata, mama mkubwa alikuwa anahama na ndoo na mkeka, sawasawa na taarifa.

Breki zilipopoa tukaendelea. Mteremko wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, na tela lilitufuata kimya kama mtoto aliyeshiba.

Mtaa mpya ulituona tukifika. Kinyozi wa nyumba ya mkabala alisimama mlangoni, mkasi mkononi, akalitazama tela. Akamwita mkewe. Wakanong'ona, wakaingia ndani. Tulipokuwa bado tunafungua kamba, walirudi na viti, na sufuria, na birika la chai, na nyuma yao jirani mwingine na jiko.

"Karibu, mama," alisema mke wa kinyozi. "Hivi ni vya kuanzia tu. Sisi pia tulianza hivi hivi."

Mama mkubwa alilitazama friji lake ndani ya godoro. Akamtazama Mama Redio. Katika miaka yote ya kuishi mlango kwa mlango, hii ilikuwa mara ya kwanza anamtaka atangaze.

Mama Redio alikalia kiti cha kinyozi, akapokea chai. "Mwenzangu anashukuru sana," alisema. "Si mtu wa maneno mengi."

Kinyozi alitusaidia kubeba. "Godoro zito hili," alisema, tukilipitisha mlango wa chumbani.

"La zamani," Mjomba alijibu huku akihema. "Ya zamani yalikuwa na uzito."

"Na ukitaka maji ya baridi, mama," aliongeza mke wa kinyozi wakati wa kuondoka, "sisi tuna friji. Lete chupa yako. Usione haya."

Mlango ulipofungwa mama mkubwa alimgeukia rafiki yake. "Umetangaza mpaka kikohozi changu. Leo ndiyo ungenyamaza?"

"Ningesema, wangebeba viti vyao. Au unataka ukae juu ya friji?"

"Ni langu. Nimelifanyia kazi."

"Najua. Nilikuwa nakusikia ukitoka alfajiri." Mama Redio alikizungusha kikombe. "Kule kwetu nani aliwahi kukuletea kiti?"

Mama mkubwa alimnyooshea kidole. "Hata wewe hukuleta."

"Hata mimi. Nilidhani unavyo."

Mjomba alikuwa nje, amelitoa gurudumu, anachungulia pedi. Alisema bado zina maisha. Alizikagua taa mwenyewe safari hii, akamrudisha Mama Redio na tela tupu likiruka nyuma yao. Mimi nilibaki kusaidia kupanga.

Asubuhi niliamka nikakuta friji limesimama chumbani, limetulia vya kutosha kuwashwa baada ya mtikisiko wa safari. Waya wake ulikuwa umekunjwa vizuri nyuma. Mama mkubwa alikuwa amelifunika shuka, na juu yake ameweka mkeka uliokunjwa. Nilipochungulia dirishani nilimwona anavuka barabara, chupa ya maji kila mkono, akitembea taratibu kama mtu asiye na friji. Mke wa kinyozi alikuwa ameshamfungulia mlango.