Digrii Tatu za Fundi Kun-mu

Kiwandani kwetu Taichung, mashine haitoki mlangoni mpaka Fundi Kun-mu aiketie, afumbe macho, aseme "Sawa." Kompyuta iseme itakavyo, na mimi niliyesomea hesabu miaka sita niseme nitakavyo, haisaidii. Bi Liao, mwenye kiwanda, aliniambia wazi: "Pei-chun, wateja hawapandi na kompyuta zao. Wanapanda na matumbo yao." Basi Kun-mu ndiye aliyekuwa tumbo la kiwanda, miaka thelathini na moja sasa.

Tunachotengeneza ni majukwaa yanayocheza. Chini kuna miguu sita ya chuma inayorefuka na kufupika, juu kuna viti, mbele kuna skrini kubwa. Mengine yanakwenda kufundishia marubani, mengine yanakwenda kwenye bustani za starehe. Abiria anaona mlima unamjia, anahisi anapaa, anapiga kelele, kumbe hajasogea hata mita moja. Ukimlaza mtu nyuma polepole gizani, mwili wake haujui kwamba umelazwa, unadhani unasukumwa mbele. Halafu inabidi umrudishe katikati, polepole zaidi, asijue, ili upate nafasi ya kumdanganya tena. Kurudisha ndiyo kazi yenyewe. Kurusha mtu, kila mwenye mota anaweza. Maneno hayo aliniambia Kun-mu siku yangu ya kwanza, akaongeza kwamba nina sura ya mtu atakayeacha kazi baada ya wiki mbili.

Sikuacha. Nilijifunza kumjibu. Yeye akaniita Hesabu, mimi nikamwita Tumbo, na kwa miaka tisa tulikula chakula cha mchana pamoja juu ya masanduku ya vipuri, tukitukanana huku tukinyang'anyana mayai ya kuchemshwa. Nilimpenda mzee yule, na sikuwahi kumwambia, maana angenicheka mwezi mzima.

Aprili tulikuwa na jukwaa la watu wanane la bustani moja ya starehe, na wakaguzi wao walikuwa waje Ijumaa. Jumatatu tukapandisha akina mama watano wa idara ya kufungasha, tuone itakuwaje. Watatu walishuka wameshika ukuta.

"Mbona linaniangusha upande wa kulia?" Su-chin aliuliza. Uso ulikuwa umempauka. "Nimeng'ang'ania kiti mpaka kucha zinauma!"

"Umeshindilia tambi, dada," Kun-mu alisema. "Tambi zote zimeegemea kulia."

"Tambi zangu haziwahusu! Tengenezeni mashine yenu!"

Kun-mu akanigeukia. "We Hesabu, angalia hesabu zako. Na ile pakiti itakuwa imepitwa na muda."

Alimaanisha pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi iliyobandikwa kwenye kabati la umeme, ile ambayo mafundi wa kwetu wanaamini inaipa mashine adabu isiharibike. Lazima iwe ya kijani, lazima iwe haijaisha muda, na kiwandani kwetu anayeibadilisha ni yule anayeketi tu. Mimi niliwahi kuigusa mara moja, nikafokewa kama niliyepiga teke madhabahu. Akaitazama tarehe. Ilikuwa bado ina miezi minne.

Nilipitia hesabu zangu siku nzima. Hazikuwa na kosa, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama zingekuwa nalo. Jioni, mashine ikiwa imewashwa na imetulia katikati, nilipanda kukaza skrubu ya kiti, nikaweka kikombe changu cha chai sakafuni. Chai ilikaribia mdomo wa kikombe upande mmoja. Nikaleta pimamaji, nikailaza pale. Kipovu kilikimbilia kushoto. Jukwaa lilikuwa limeinama kulia digrii tatu.

Nikafungua kumbukumbu za mashine. Katikati ya jukwaa ilikuwa imesogezwa kidogo kidogo, kila wiki, tangu baada ya mwaka mpya wetu, na kila mara mwenye kusogeza alikuwa Kun-mu. "Bado linavuta kushoto. Nimerekebisha." Aliandika hivyo mara kumi na moja.

Mwaka mpya ndipo alipougua ile homa iliyomlaza wiki nzima, chumba kikimzunguka. Alirudi kazini akasema amepona. Hakupona. Sikio lake la ndani, lile linalomjulisha mtu kama amesimama wima, lilikuwa limeharibika upande mmoja, na yeye, kwa kuamini tumbo lake kama sisi sote tulivyoliamini, alikuwa analiinamisha jukwaa zima lilingane naye.

Nilikaa kwenye kile kiti nikalia. Nikisema, Bi Liao atamtoa kitini siku hiyo hiyo, na bila kiti Kun-mu ni mzee anayeangalia watu wakifanya kazi yake. Nisiposema, Ijumaa wakaguzi watashuka wameshika ukuta kama Su-chin. Na nikilinyoosha mara moja, yeye atapanda, atalisikia, hatasema "Sawa."

Nikaamua kumrudisha kama tunavyowarudisha abiria. Jumanne, Jumatano na Alhamisi alikuwa na zamu ya kuketi. Kila zamu ningerudisha digrii moja, polepole kiasi ambacho mwili hauwezi kujua, milima ikimpita kwenye skrini. Mbinu ilikuwa yake mwenyewe.

Jumanne aliinua kidole gizani. "Kushoto kidogo."

"Ndiyo, Fundi. Nitaangalia," nilisema. Sikuangalia.

Jumatano aliinua kidole, akakishusha. Mchana ule nilimwambia nina kazi, nikala mezani kwangu. Sikuweza kumtazama akimenya yai.

Alhamisi nilimalizia digrii ya mwisho. Jukwaa likatulia katikati ya kweli. Kun-mu alikaa amefumba macho, mikono yote miwili imekamata kiti, kisha akatia mmoja mfukoni, akafumbua macho na kuinamia goti lake kidogo.

"Sawa," alisema.

Nusura niruke. Akina Su-chin wakapandishwa, wakashuka wanacheka na kuuliza chakula kiko wapi. Bi Liao akanipiga bega, akaenda kuwapigia simu wakaguzi. Tukabaki wawili. Kun-mu akatia mkono mfukoni, akatoa pimamaji ndogo ya seremala, akaiweka kwenye goti lake.

"Nimeketi dakika nne naanguka kushoto," alisema. "Kipovu kiko katikati. Nikasema sawa."

Nikainama kukitazama kipovu.

"Umerudisha vizuri, Hesabu. Digrii zako sikuzisikia hata moja. Nilidhani bado ni ile ile."

"Sasa ulijuaje?"

"Jumanne umeniita Fundi." Akanitazama. "Miaka tisa hujaniita Fundi pasipo mgeni. Jana umenikimbia chakula. Mtu anayeheshimiwa ghafla lazima ajue ana ugonjwa. Nikaenda nyumbani nikachukua hii."

"Nisamehe."

"Nisamehe nini! Watu wanane kila dakika kumi, wote watapike kwa sababu ya sikio langu? Bi Liao nitamwambia mwenyewe, leo hii. Wewe usinitangulie." Akafungua droo ya kabati, akatoa pakiti mpya ya kijani na kalamu, akanipa. "Weka tarehe."

"Ile bado ina miezi minne."

"Ile ni yangu mimi. Bandika yako. Kesho unaketi wewe."

Nikaandika tarehe. Namba zilipanda juu, hazikukaa mstarini. Nilikuwa na huzuni ambayo sikuwa nayo hata nilipomzika baba yangu, na sioni haya kusema hivyo.

"Mwandiko gani huo," alisema.

"Funga mdomo, Tumbo."

"Tumbo ni wewe sasa," alisema, akainuka. Akashuka ngazi za jukwaa taratibu, ameshika chuma kwa mikono miwili. Sikumsaidia, kwa sababu angenitukana.