Nafasi ya Pili

1.

TANGAZO KWA MAFUNDI WOTE
Nafasi ya pili ya karakana isiwekwe ndege ya matengenezo ya ratiba. Imetengwa kwa uharibifu usiotarajiwa.
Bupe Mwakalinga, Mipango

2.

Mafundi waliiita kitanda cha mgeni. Kila asubuhi walimpitia Bupe na vikombe vyao vya chai.

"Mtani, mgeni wako bado tu?"

"Labda kapotea njia."

"Tumtandikie shuka?"

Bupe alicheka nao huku akitazama viatu vyake. Angewaambia nini? Kwamba mvua ya mawe haiombi miadi?

3.

Kikaoni meneja alinyoosha kidole kwenye sakafu tupu.

"Binti, pale tunafuga vumbi?"

Wote wakaangua kicheko. Masikio ya Bupe yakawaka moto. Hoja alikuwa nayo, ilikuwa hapa, kooni, na

4.

"Sawa, mzee."

5.

TANGAZO
Tangazo la awali limefutwa.

6.

Wewe unayesoma, usimhukumu upesi. Kuchekwa na watu unaokula nao sahani moja si jambo dogo.

7.

Ndege ya watalii ikaingizwa nafasi ya pili. Ikapandishwa kwenye jeki, magurudumu yakatolewa, injini ikashushwa. Kitu cha namna hiyo hakisukumwi nje.

Kesho yake ndege ya wagonjwa ilitua ikipepesuka. Korongo aliyegongana nayo angani alikuwa amelipasua bawa. Rubani mzima. Nafasi ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa.

Kiraka cha bawa hubandikwa kwa gundi, na gundi haishiki penye maji.

Nje

mvua

mvua

mvua

8.

Hakuna aliyecheka.

"Mtani," fundi Ng'wandu alisema taratibu, "tushike turubai juu ya bawa."

"Kwa upepo huu?"

"Una pengine?"

Wakatoka. Wanaume sita, mikono juu.

9.

Simu ya mezani. Nesi wa zahanati ya Kisiwani.

"Dada, mbuzi tumeshawafukuza kiwanjani. Mama tumemleta hapa, mtoto kakaa vibaya, damu haikatiki. Ndege inaruka saa ngapi?"

Dirishani upepo uliinua turubai. Ng'wandu akaning'inia kwenye pembe yake. Maji yakamiminika juu ya bawa.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Maana kama haiji, tumpakie kwenye mtumbwi sasa hivi. Sema neno moja tu. Inakuja?"

Bupe akafumbua mdomo.

"