Kipande cha Blanketi la Bibi

Anayeniambia kwamba chumba kitupu hakina sauti, namkaribisha aje afagie chumba cha karantini pale kwenye makao yetu ya mbwa, saa nane mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Atasikia mkia ukigonga mlango kwa ndani. Ko, ko. Kimya. Ko. Mwenye mkia huo alikufa miezi minne iliyopita.

Tulimwita Bibi. Aliokotwa jalalani akiwa na parvo, ugonjwa unaomkausha mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Watoto wake walikuwa wamekwisha kufa, lakini chuchu bado zilitoa maziwa. Kila nilipoingia kumbadilishia dripu alinisalimu kwa mkia: mara mbili, anapumzika, mara moja.

Karantini ina sheria zake. Unaingia mwisho, ukishawahudumia wazima. Unavaa buti nyekundu na kuzichovya kwenye beseni la klorini. Hakitoki kitu humo ila ndani ya ndoo yenye kifuniko, moja kwa moja kwa mfuaji. Mfuaji alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliyemwita Mama Povu. Kazi ile nilimtafutia mimi. Na kwa sheria hizo nilikuwa mkali kuliko Daktari mwenyewe, hata wenzangu wakanitania kwamba wali wangu nauchovya klorini kabla ya kula.

Ndipo walipoletwa watoto watano wa mbwa, hawajatimiza mwezi, mama yao kagongwa na gari. Walilia siku mbili mfululizo na chupa ya maziwa hawakuitaka. Siku ya tatu nilichukua mkasi wangu wa meno-meno, ule unaoacha ukingo kama msumeno, nikakata kipande cha blanketi la Bibi, upana wa kiganja. Nikakianika juani kutwa nzima, kisha nikakitia ndani ya foronya ya godoro lao. Walinusa harufu ya maziwa, wakanyonya chupa, wakalala wamerundikana. Nililia kwa furaha. Jua linaua kila kitu, nilijiambia, mimi mwenye miaka tisa kazini.

Bibi alikufa kesho yake. Siku ya tano baada ya kifo chake, mmoja wa wale wadogo akatapika.

Daktari alitukusanya uani. Ni kijana mpole, asiyejua kufoka.

"Jamani, simtafuti mtu wa kumfukuza. Natafuta mlango ulioingilia ugonjwa, niufunge. Kuna aliyetoa kitu karantini?"

Nikajitia hamnazo. Mama Povu alinitazama, kisha akatazama mikono yake iliyobabuka kwa dawa.

Asubuhi iliyofuata hakuwepo. Daktari alinivuta pembeni. "Dada, pole. Wifi yako amekiri. Alikata kipande cha blanketi apate cha kusugulia masufuria, kisha akakichoma. Ameomba mwenyewe kuacha kazi. Angalau sasa tunajua."

Nasema kweli yangu: nilipumua. Aibu ilikuja baadaye, ahueni ilitangulia. Nilikusudia kukitoa kile kipande, lakini chumba chao hakikukosa mtu, na kila nilipogusa foronya niliona macho ya wenzangu yananifuata. Nikaahirisha mpaka kesho, na kesho yake tena. Wa kwanza akafa. Akafuata wa pili, wa tatu, wa nne. Akabaki Kijiko, mdogo kuliko wote, dripu mguuni na pua yake imebanwa kwenye foronya.

Mchana mmoja nilikuwa peke yangu naye. Aliinua kichwa akautazama mlango, na kimkia chake kikaanza kutikisika. Nikasikia. Ko, ko. Ko. Nilifungua mlango. Ukumbini hapakuwa na mbwa wala mtu, sakafu ilikuwa bado na unyevu wa deki, bila alama hata moja ya mguu.

Nikajikaza kisabuni. Nilipasua foronya, nikakitoa kipande, nikampelekea Daktari mkononi vilevile. Alikitazama bila kukigusa.

"Kilikuwa humo siku zote?"

"Humohumo. Nilikata mimi."

Alivua miwani. "Wifi yako aliniambia amekichoma. Ndiyo sababu sikutafuta tena. Siku ile aliyoondoka wanne walikuwa bado wazima, dada. Ningewatoa kwenye godoro hilo saa ile ile. Sisemi wangepona wote." Akaivaa tena miwani. Kisha akasema, "Nenda kwanza kamrudishe wifi yako. Habari yako tutaizungumza."

Nilimkuta uani kwake akianika nguo, vibanio vitatu mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja.

"Umesema?"

"Nimesema, wifi. Nisamehe. Kazi yako ipo."

"Nilijua tangu nilipolikunjua lile blanketi. Mkasi wa meno-meno anao nani zaidi yako?" Akacheka kidogo. "Lakini wewe una watoto wadogo, wangu wamekua. Nikaona heri mimi. Na nilijua kipande umeshakichoma. Wewe na klorini yako, ungekiacha?"

Nilitaka kusema. Nikaanza kuzinyoosha nguo zilizokuwa kambani.

"Kilichoninyima usingizi ni wale watoto," akaendelea. "Yule wa kwanza nilijua hatapona. Ila hawa wanne wengine, nilikuwa najiuliza, je, uongo wangu umewadhuru? Wako salama?"

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikwaruza kama brashi.

"Wako salama, wifi."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

Akajifunika uso kwa khanga aliyokuwa akiianika, akalia vizuri, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akajifuta na kuanza kukusanya vibanio vyake haraka haraka.

"Basi ngoja nivae viatu. Twende pamoja sasa hivi, nikawaone."

Aliingia ndani. Mlango ukafungwa nyuma yake, na pale chini kabisa, kimo cha mkia, nikasikia ukigongwa mara mbili. Nikabaki uani nasubiri mara ya tatu.